Kisima cha mita 80 Chamwino kinatema hewa saa nne asubuhi, na dripu ninayo. Maji yanakwenda wapi?

#1 Mkulima wa Buigiri
Wakuu, salamu. Kuna jambo linaninyima usingizi, naomba mnisaidie kwa mliyoyaona kwa macho.

Nilichimba kisima kirefu miaka miwili iliyopita upande wa Buigiri, Chamwino. Mita 80. Karatasi ya mchimbaji inasema maji yalisimama mita 22 na kisima kinatoa lita 3,200 kwa saa. Nikafunga pampu ya kuzama ya sola, tanki la lita 5,000 na dripu (mipira yenye matundu ya kudondosha maji kwenye mche) ekari moja na nusu: ekari moja nyanya, nusu hoho. Mwaka wa kwanza mambo safi. Mwaka huu tangu mwezi wa tisa, pampu inaanza saa mbili asubuhi, ikifika saa nne inatema hewa na kujizima. Inapumzika, inarudi, inazima tena. Nyanya ziko kwenye maua na mistari ya mwisho yote imesinyaa.

Niliambiwa dripu inaokoa nusu ya maji. Kama inaokoa, mbona kisima kinakauka? Mimi naona hivi, na nipo tayari kusahihishwa: majirani watatu wamechimba mwaka jana, wa karibu kabisa ni kama hatua 150 kutoka kwangu. Hao ndio wanaokunywa maji yangu.

#2 Ihumwa Juu
Pole sana. Majirani umeshawashtaki, sasa tupe ushahidi. Kisima kilipimwa mwezi gani, kwa muda gani? Na pampu inasukuma lita ngapi?

#3 Mkulima wa Buigiri
Kilipimwa mwezi wa nne. Walipuliza kwa kompresa kama saa moja, maji yakaruka juu, watoto wakashangilia. Pampu sijui uwezo wake, niliambiwa tu "hii inakutosha".

#4 Fundi Kolongo
Kazi yangu ni visima, mwaka wa kumi na mbili huu. Jibu lako lipo hapo #3.

Kupuliza kwa kompresa saa moja hakukuambii kisima kinaweza nini. Kunakuambia tu kwamba kuna maji. Kisima cha kumwagilia hupimwa kwa kufunga pampu na kuvuta mfululizo, saa 24 ikiwezekana, huku unaandika maji yanashuka kiasi gani kila baada ya muda. Halafu unazima na kuangalia yanavyopanda. Na ukipima mwezi wa nne, umepima ardhi iliyoshiba mvua. Njoo mwezi wa kumi na moja uone kisima kile kile.

Chini yetu huku ni mwamba wa granaiti. Maji yanakaa kwenye udongo uliooza juu ya mwamba na kwenye nyufa zake. Ufa ukiwa mdogo, ukivuta kwa nguvu unauvuta hadi ukauke, ndipo usubiri ujazwe taratibu kutoka pembeni. Hicho ndicho unachokiona saa nne. Kisima chako hakijakauka, unakivuta kuliko kinavyojijaza.

Kapime hivi: chukua ndoo ya lita 20 na saa ya simu. Jaza asubuhi pampu ikianza, jaza tena dakika chache kabla haijaanza kutema. Leta sekunde hapa.

#5 Mzabibu Hombolo
Fundi, kwa heshima yote, mnapenda kulaumu pampu. Msimu uliopita kwetu mvua ilikata mwezi wa tatu mwanzoni, zabibu za pili tukavuna viganja. Kisima cha shuleni kijijini, cha pampu ya mkono, hakina sola wala dripu, na chenyewe kimekuwa kigumu kuvuta. Hicho nacho kimefungwa pampu kubwa? Mvua haikuingia ardhini, basi.

#6 Kijana wa Area C
Mimi nasema ni mji. Tangu serikali ihamie watu wameongezeka mno, visima vya mji vinavuta usiku na mchana. Maji ya Chamwino yote yanakuja kwetu mjini 😀

#7 Ihumwa Juu
#6 hapana. Visima vikubwa vya mji viko Mzakwe, bonde la Makutupora, kaskazini mwa mji. Buigiri iko mashariki. Maji ya chini ya ardhi hayatembei kama basi, yakavuka milima na mabonde kuja kwenye bomba lako la Area C.

Ila Makutupora ina somo kwa mwenye uzi. Vipimo vya maji ya chini pale vimewekwa tangu miaka ya 1950, na vinaonyesha kwamba bonde lile halijazwi kila mwaka. Miaka mingi maji yanashuka tu. Halafu unakuja mwaka mmoja wa mvua kubwa, kama El Niño ya 1997/98, usawa unapanda ghafla. Kwa hiyo #5 ana hoja pia: tunaishi kwa akiba ya miaka michache iliyobarikiwa, na tunatumia kana kwamba tunalipwa kila mwezi.

#8 Mkulima wa Buigiri
Fundi, nimepima. Pampu ikianza: sekunde 18. Dakika kumi kabla haijazima: sekunde 45.

#9 Fundi Kolongo
Sekunde 18 ni lita 4,000 kwa saa. Sekunde 45 ni lita 1,600. Karatasi yako ilisema 3,200, tena za mwezi wa nne. Ulifungiwa pampu yenye nguvu kuliko hata karatasi. Nimemaliza.

#10 Nyanya Kwanza
Usimalize kwanza fundi, maana hata hiyo pampu ikipunguzwa shamba lake halitoshelezwi. Tupige hesabu ambayo watu wengi hawaipigi kabla ya kununua mbegu.

Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ekari ni kama mita za mraba 4,000. Basi milimita moja kwenye ekari ni lita 4,000. Kwa jua na upepo wetu wa mwezi wa tisa na wa kumi, nyanya zikishafunika ardhi zinakunywa milimita 5 hadi 6 kwa siku. Hiyo ni lita 20,000 na zaidi, ekari moja, siku moja. Ndugu yetu ana ekari moja na nusu: lita 30,000.

Kisima kikitoa 1,600 kwa saa, na jua zuri la saa sita, ni lita 9,600. Hata ukikopesha kidogo, hayo ni maji ya nusu ekari. Tulimuuliza majirani na mvua, hatukumuuliza alipanda kwa kupima nini.

#11 Mkulima wa Buigiri
Nilipanda kwa ukubwa wa shamba. Kusema kweli kabla ya dripu nilikuwa nalima nusu ekari kwa mpira. Nilipofunga dripu nikaona maji yanabaki, nikaongeza.

#12 Ihumwa Juu
Hapo. Hapo hapo. Dripu iliokoa, ukachukua ulichookoa ukakilimia ekari nyingine. Kisima hakikuona nafuu hata siku moja.

#13 Mama Vitunguu
Jamani msimseme sana, sote tumefanya hivyo. Mkopo wa sola unalipwa na ekari, si na maji yaliyobaki kisimani. Mwenye uzi ongezea: mistari ya mwisho imesinyaa tangu lini, kabla au baada ya pampu kuanza kuzima?

#14 Mkulima wa Buigiri
Kabla. Tangu mwaka jana ile ya mwisho ilikuwa dhaifu, nikadhani ni mbolea.

#15 Mama Vitunguu
Basi una magonjwa mawili. Hesabu matundu yako. Mistari ikiachana mita 1.2, ekari ina kama mita 3,300 za mipira ya dripu. Tundu kila sentimita 30, ni matundu 11,000. Kila tundu likitoa lita 1.6 kwa saa, yote kwa pamoja yanadai kama lita 17,600 kwa saa. Tanki la 5,000 linaisha chini ya dakika ishirini, na wa mwisho wanapata matone ya kukojoa panya. Gawa shamba vipande, weka valvu, mwagilia kipande kimoja kimoja. Mimi Mpwapwa nina vipande sita kwa robo tatu ekari na sijutii.

#16 Mzabibu Hombolo
Matone ya kukojoa panya 😂😂 Mama umeniua.

#17 Bahi Sokoni
Salaam. Nyie mnahangaika na matone, sisi Bahi tunasubiri mto Bubu ushuke, tunafungulia majaruba, mpunga unaogelea. Lakini nasema jambo moja kuhusu hii sifa ya dripu. Maji yanayozidi kwenye jaruba hayapotei yote, mengine yanazama na kurudi chini. Anayemwagilia kwa mfereji anamrudishia jirani. Mwenye dripu harudishi kitu. Kijiji kizima kikiingia kwenye dripu na kila mtu akaongeza ekari, mtakauka haraka kuliko zamani.

#18 Nyanya Kwanza
#17 kweli kwa nusu. Kwenye kichanga yanazama. Kwenye mbuga yako ya mfinyanzi yanakaa juu yanaliwa na jua. Dodoma mvua haifiki milimita 600 kwa mwaka wa kawaida, na jua lina uwezo wa kufukiza zaidi ya 2,000. Hata hayo yanayozama yanashuka na chumvi na mbolea yako.

#19 Bahi Sokoni
Yanazama nimeyaona, kisima cha mkono cha bibi yangu kando ya majaruba kinajaa kila msimu wa mpunga. Hilo la jua sikatai.

#20 Mzabibu Hombolo
Kwa kuwa chumvi imetajwa. Wenzangu wa huku mnajua bwawa letu, lilijengwa 1957 na maji yake yana chumvi. Mwenye uzi, angalia asubuhi pembezoni mwa duara la unyevu chini ya dripu. Ukiona ukoko mweupe kama unga wa mtama, onja kwa ulimi. Kusinyaa wakati udongo una unyevu mara nyingine si kiu, ni chumvi inazuia mzizi usinywe. Nyanya inavumilia kiasi, mpaka 2.5 kwenye kipimo cha chumvi cha dS/m. Zabibu inaanza kuumia ikipita 1.5, kitunguu 1.2, maharage 1.0. Hicho kipimo cha mkononi mkinunua kikundi kizima si ghali.

#21 Mkulima wa Buigiri
Ukoko upo kidogo, umbali wa shibiri kutoka kwenye tundu. Nimeonja. Kuna ladha lakini si kali.

Nimefanya na jingine. Nimechimba kwa jembe pembeni ya mche mmoja wa nyanya baada ya kumwagilia saa nzima. Nilitegemea kuona unyevu umetanuka kama sahani. Nimekuta umeshuka wima kama chupa, upana wa viganja viwili tu, na nilipofika kina cha goti bado mchanga ulikuwa unashikana mkononi. Mizizi mingi niliiona imeishia kama shibiri moja na nusu. Chini ya hapo maji yangu yanakwenda peke yake.

#22 Mgogo Halisi
Mbukwenyi. Huo ndio udongo tunaouita isanga. Babu zetu walipanda uwele na karanga humo kwa sababu haushiki maji. Ukitaka kuulimia nyanya, umwagilie kidogo kidogo mara mbili au tatu kwa siku. Saa nzima mfululizo ni kulisha kuzimu. Na weka samadi iliyoiva ya kutosha, ndiyo sponji.

#23 Nyanya Kwanza
Naunga mkono #22. Ila mizizi ya nyanya inaweza kushuka zaidi ya sentimita 60 kama haijabembelezwa na maji ya juu tangu ikiwa michanga. Mara nyingine ukavu kidogo wa mapema unaifundisha kutafuta.

Kuna wakulima wa Kiwere na Magozi kule Iringa waliopewa vifaa vya kuzika ardhini, vinawasha taa: bluu udongo umeshiba, kijani kiasi, nyekundu mkavu. Wengi waligundua walikuwa wanamwagilia siku ambazo taa bado bluu, wakapunguza zamu. Wewe bila taa una jembe lako. Chimba kila baada ya siku mbili, finyanga udongo wa kina cha shibiri moja na nusu. Ukishikana na kuacha unyevu kiganjani, usifungulie.

#24 Mfugaji wa Kongwa
Tandazeni mabua ya mtama jamani, jua lisile udongo.

#25 Mama Vitunguu
Mabua yapi, hayo ambayo ng'ombe wenu wanayamaliza mwezi wa saba? 😄 Nilitandaza mwaka juzi. Wiki ya kwanza mbuzi wa jirani, wiki ya pili mchwa.

#26 Mfugaji wa Kongwa
Mbuzi nakubali kesi. Mchwa si wa kwangu.

#27 Mpenda Sheria
Mnaongelea pampu na mbuzi, hakuna aliyeuliza kibali. Mwenye uzi, kisima chako na vya majirani vina kibali cha kutumia maji?

#28 Kijana wa Area C
Kibali cha nini? Kisima kipo shambani kwake, hati anayo.

#29 Mpenda Sheria
Hati ni ya ardhi. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, maji yote ni mali ya umma, Rais ndiye mdhamini kwa niaba ya wananchi. Kisima cha kuchimbwa kwa mkono kwa matumizi ya nyumbani hakihitaji kibali. Kisima kirefu cha kumwagilia kinahitaji, na kibali kinatoka Bodi ya Maji ya Bonde na kinataja kiasi cha kuvuta. Mkoa wetu umegawanyika mabonde matatu, Wami/Ruvu, Rufiji na Bonde la Kati, kwa hiyo uliza kwanza wewe uko lipi. Ukiwa na kibali na jirani akakuzidi, una pa kusimamia. Bila kibali, mnagombana tu kwenye uzio.

#30 Mrangi wa Kondoa
Nimesoma wote. Kwangu mimi mnapima mwisho wa safari ya maji na kuacha mwanzo. Kondoa tuliona ardhi ikiliwa mpaka makorongo yakameza njia. Mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianza 1973, mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye eneo lililoharibika. Iliwauma wazee wetu, mimi nimekua nikiisikia hasira hiyo mezani. Lakini majani na miti vilirudi.

Mvua ya Chamwino inapiga dakika arobaini, maji mekundu yote yanakwenda korongoni, kesho vumbi. Buigiri kuna kinga maji, yaani matuta ya kuzuia maji ya mvua, ngapi juu ya visima vyenu vinne? Chololo, hapo hapo Dodoma, kuna wakulima wanachimba vishimo vya kina kama cha sentimita 30, wanaweka samadi, kila shimo linakusanya mvua yake. Jirani akivuna mvua yake, kisima chako nacho kinafaidi.

#31 Kijana wa Area C
Achimbe lambo basi amalize.

#32 Mrangi wa Kondoa
Lambo la wazi kwa jua lile lililotajwa #18, nusu unamwagilia nyanya na nusu unamwagilia hewa. Kama kuna korongo la mchanga karibu, afadhali ukuta mdogo unaozuia mchanga. Maji yakikaa ndani ya mchanga jua halifiki, na punda wanajua kuyachimba.

#33 Mkulima wa Buigiri
Nimerudi na vipimo vya siku tatu. Nimefunga kikopo kichwa chini kwenye uzi mwembamba wenye mafundo kila mita. Kikigusa maji kinalia "pop", hata mtoto anasikia.

Alfajiri kabla ya mtu yeyote kuwasha: mita 24. Karatasi ilisema 22, lakini ile ilikuwa mwezi wa nne.
Siku ya pili nimeacha pampu yangu imezimwa kabisa. Jirani wa hatua 150 akawasha saa mbili. Saa sita mchana kwangu: mita 25 na nusu.
Siku ya tatu nimemwomba jirani azime, nikawasha mimi nikiwa nimebana valvu nipate sekunde 50 kwa ndoo. Imevuta hadi saa tisa bila kutema hewa.

#34 Fundi Kolongo
Kazi safi. Angalia tu uzi usijizungushe kwenye waya wa pampu. Mita 24 alfajiri inasema kisima kinajaza usiku vizuri. Na kwa kubana valvu kimekwenda hadi saa tisa. Pampu.

#35 Ihumwa Juu
Mita moja na nusu imeshuka akiwa amezima, fundi. Nyufa zao zinashikana. Na kipimo chako cha siku ya tatu kilifanyika jirani akiwa amezima, huwezi kukitumia kusafisha majirani.

#36 Mzabibu Hombolo
Na mita mbili kutoka 22 hadi 24 ni mvua ambayo haikunyesha.

#37 Fundi Kolongo
Au ni kiangazi cha kawaida. Apime mwezi wa nne ujao ndipo tutaongea mvua. Pia tusisahau vichujio vya kesingi (bomba linaloshikilia kuta za kisima) vinaweza kuwa vimeanza kuziba, miaka miwili na udongo laini inawezekana. Ukivuta kidogo huoni tofauti, ukivuta sana ndipo unaona.

#38 Mama Vitunguu
Mpaka mkubaliane nyanya zitakuwa kachumbari. Ndugu, unafanya nini wiki hii?

#39 Mkulima wa Buigiri
Hoho nimeziacha. Imeniuma kwa sababu mke wangu ndiye alizisia mbegu, lakini yeye ndiye alisema kwanza. Nyanya nimekata theluthi moja ya mwisho, ile iliyosinyaa, zilizobaki nimezigawa vipande vinne, dakika ishirini asubuhi na ishirini jioni. Nimechimba tena leo: unyevu unaishia karibu na mizizi inapoishia.

Majirani niliwakosea nilipoandika #1 bila kwenda kwao kwanza. Juzi tumekaa wanne chini ya mwembe. Wawili wamekubali zamu, mimi na mmoja asubuhi, wa pili mchana. Wa tatu amesema ana mkopo, atafikiri. Wote hatuna kibali. Kesho kutwa tunakwenda kuuliza tuko bonde lipi.

#40 Mpenda Sheria
Asante kwa kurudi na majibu. Bebeni karatasi za wachimbaji na hivyo vipimo vya kikopo, viandikeni tarehe na saa.

#41 Bahi Sokoni
Huyo wa tatu mpelekeeni hesabu ya #10. Mimi imenifanya nihesabu majaruba yangu usiku huu.

#42 Mgeni Mpya
Samahani naingia mwishoni. Nina ekari mbili Mvumi, nataka kuchimba mwezi ujao na kupanda nyanya zote mbili. Nianze na nini?

#43 Nyanya Kwanza
Rudi #4, halafu #10, halafu uje uniambie bado ni ekari mbili.